Siku Kumi Njiani na Mshairi wa Shard End

Nyote mliniuliza habari za safari ile, mmoja mmoja, kanisani kwenu na msikitini kwetu na kwenye foleni ya basi, na kila mmoja nilimjibu kipande tu. Mama Furaha nilimweleza habari za chakula, maana ndizo alizouliza. Wengine niliwaambia habari za baridi. Hakuna niliyemsimulia yote, kwa sababu nikianza kusimulia kwa mdomo hulia kabla sijafika penyewe. Kwa hiyo nimeandika. Habari za tiketi na viza naziacha. Zilinichosha mara moja, sitaki zinichoshe tena.

Shard End

Wengi wenu mnamjua Bi Nuha kwa sura: yule bibi wa Kilebanoni mwenye koti la kijani aliyekuwa akipanda basi na mimi siku za Alhamisi. Nilikuwa mhudumu wake. Kwa miaka minne nilikwenda kwake Shard End, pembeni mwa Birmingham, kila asubuhi, ghorofa ya pili katika yale majumba ya halmashauri, nikampikia uji, nikamtia dawa ya macho, nikamsomea barua. Macho yake yalikuwa yanaona mwanga na vivuli, maandishi hayaoni tena. Tulizungumza Kiarabu. Changu ni cha Maskati, nilikokulia kwa shangazi yangu baada ya kutoka Unguja. Chake ni cha milimani kwao, na nusu ya siku tulikuwa tunasahihishana.

Kwamba ni mshairi sikujua mwaka mzima. Niliona maboksi ya vitabu chini ya kitanda nikadhani ni ya marehemu mumewe, aliyekuwa fundi mitambo katika kiwanda cha magari cha Longbridge. Nilikuja kujua dukani. Tuliingia kwa yule Myemeni wa Washwood Heath, mtaani kwangu, kununua zeituni. Mwenye duka alisikia sauti yake, akamuuliza jina, naye akalitaja. Yule bwana akatoka nyuma ya kaunta, akajifuta mikono, akasimama katikati ya magunia ya mchele, akaghani shairi zima tangu mwanzo hadi mwisho huku mama mmoja mwenye kigari cha mtoto akisubiri kulipia vitunguu.

Lilikuwa shairi la mtu aliyeshushwa garini kwenye kizuizi wakati wa vita vya kwao, asirudi tena. Mstari wake wa kwanza nikiuweka kwa lugha yetu unasema hivi: *Alishuka mtu garini, mkate wake ukabaki kitini una joto.* Myemeni alikuwa amelisoma skuli, Aden. Bi Nuha alisikiliza ameinamisha kichwa, akamshukuru, akaomba nusu kilo ya zeituni nyeusi.

Ndani ya basi nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Alifikiri kwa vituo viwili vizima, kisha akasema: "Ungeanza kunipikia vizuri zaidi, na mimi nisingejua kama ni kwa ajili yangu."

Mwanzoni mwa 2009 ikaja barua. Maktaba ya mji mmoja mdogo kaskazini ya Lebanoni ilimwomba aende kusoma mashairi yake mwezi wa Aprili. Barua za namna hiyo zilikuwa zikija kila mwaka, naye akinituma nijibu kwamba afya haimruhusu. Safari hii aliniambia nisome tena jina la mji. Kisha akanieleza kwamba juu ya mji huo, nusu saa kwa gari, ndipo kijiji alichozaliwa, na katika kijiji hicho anaishi mdogo wake, Adla, ambaye hajasema naye neno kwa miaka thelathini na miwili. Aliyeshushwa garini alikuwa mume wa Adla.

Alitaka kwenda. Na ndege hapandi. Hajapata kupanda maishani, alikuja Uingereza kwa meli na treni, na akasema atarudi kwa njia ya nchi kavu au hatarudi. Nilijua kwamba akienda peke yake atapotea kabla ya London. Niliomba likizo yangu yote ya mwaka kwa mpigo.

Birmingham hadi Paris

Kwenye stesheni ya New Street tulimkuta Mama Furaha ametutangulia, amebeba kikapu cha Kikongo: sombe, samaki wa kukaanga, na maandazi ambayo yeye, kwa Kifaransa chake, huyaita beignets. Nilimwambia tunakwenda Lebanoni, hatuendi jangwani. Akasema, "Dada Zuhura, kule njiani ni mikate na jibini tu. Donc beba, usibishane na mimi mbele ya mama mkubwa." Nikabeba. Bi Nuha, ambaye hakuelewa neno, alimshika Mama Furaha uso kwa mikono miwili akambusu paji la uso, na Mama Furaha, mnayemjua kwa maneno mengi, akakosa la kusema.

Treni ilichelewa. Mnaijua New Street: unashuka chini kama unaingia handakini, hewa nzito, na kipaza sauti kinasema jambo ambalo hata Waingereza hawalisikii. Mara mbili walibadilisha jukwaa, na mara mbili tulipanda ngazi na kushuka, mimi na masanduku mawili na kikapu, Bi Nuha amenishika mkanda wa koti. Kuvuka Coventry kidogo treni ikasimama katikati ya mashamba. Ikakaa saa moja na nusu.

Njaa ilipotushika nikafungua kikapu. Behewa zima likanuka samaki, nikaona haya. Mbele yetu alikaa bibi mmoja wa Kiingereza aliyekuwa akishuka Rugby. Akauliza kama ile ni spinachi. Nikamwambia majani ya muhogo. Akaonja kwa ncha ya kijiko, kisha kwa kijiko kizima, akatoa kalamu akataka nimwandikie namna ya kupika. Nilimwandikia, nikamweleza kwamba muhogo hawezi kuupata Rugby. Alisema kwa huzuni ya kweli kwamba Rugby hupati kitu chochote.

Kwa sababu ya saa ile moja na nusu tuliikosa treni ya Paris, tukalala London kwa jirani yangu wa zamani wa Unguja. Bi Nuha hakulalamika. Alisema mwaka aliokuja Uingereza alikaa bandarini Kupro siku tisa akisubiri meli, na kwamba kuchelewa kwa siku moja hakuhesabiki.

Paris hadi Istanbul

Maisha yake alinisimulia kati ya Paris na Munich, bila kusimama, ameegemeza kichwa dirishani.

Baba yake alikuwa na kinu cha kukamulia zeituni. Wasichana wa kijiji wakati ule walisomeshwa mpaka wajue kusoma sala, basi, lakini mtawa mmoja aliyefundisha pale alimwazima vitabu kimoja kimoja, akivificha ndani ya aproni. Alipofika miaka kumi na minane akashuka Beirut, akaajiriwa kwenye jumba la simu kuunganisha nyaya. Kazi hiyo ndiyo iliyomfundisha kuandika, alisema, kwa sababu alisikia jinsi watu wanavyozungumza wanapodhani hakuna anayewasikiliza. Diwani yake ya kwanza aliitoa kwa herufi za mwanzo za jina tu. Wahakiki wakamsifu wakidhani ni mwanamume. Walipojua ni binti wa simu, wawili kati yao wakagundua makosa ambayo hawakuyaona kwanza.

Adla alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wake. Kila shairi Bi Nuha alipolimaliza, alimtumia mdogo wake kijijini ili alinakili, na nakala ya Adla ndiyo iliyopelekwa kwa mchapaji. Ilikuwa hivyo kwa diwani tatu.

Kisha vita. Mume wa Adla aliitwa Jirjis, fundi bomba. Alikuwa akirudi nyumbani na wenzake watatu, ameweka mikate mapajani. Kwenye kizuizi watu wenye bunduki waliangalia vitambulisho vya wote wakamshusha yeye. Wenzake waliruhusiwa kuendelea. Hakuonekana tena, wala mwili wake.

Ulipopita mwaka, Bi Nuha aliandika lile shairi. Gazeti lililichapa ukurasa wa mbele. Ndani ya mwezi mmoja watu wa pande zote mbili za vita walilijua kwa moyo, kila upande ukisema mtu yule ni wake. Adla alimrudishia gazeti limechanwa vipande viwili, pamoja na ujumbe kwamba asikanyage tena mlangoni kwake.

"Nilimzika mumewe mbele ya nchi nzima," Bi Nuha aliniambia. "Yeye alikuwa bado anamwekea sahani mezani."

Nilimuuliza mbona basi hakutaja jina lake katika shairi. Akajibu kwamba alifanya hivyo kuilinda familia. Siku zile jina likitokea gazetini liliweza kuleta watu wabaya mlangoni. Alilisema haraka haraka, kama mtu aliyekwisha kulisema mara nyingi.

Mengine yalikuwa mafupi. Mume wa Bi Nuha mwenyewe alipata kazi Longbridge, wakahamia Birmingham. Diwani nne zaidi aliziandika kwenye meza ya jikoni Shard End, mume akiwa kwenye zamu. Jumamosi alifundisha watoto wa Kiarabu kusoma. Walimwalika sehemu nyingi, akaenda tu zile zinazofikika kwa treni. Tuzo yake kubwa ililetwa kwa posta akiwa hayupo; wakaiacha kwa jirani, na jirani akakaa nayo mwezi mzima akidhani ni pasi ya umeme.

Budapest tulikosa treni nyingine tukashinda stesheni siku nzima, na mimi nikajifunza kwamba Bi Nuha anaweza kulala ameketi wima kama mlinzi. Rumania ndiko nilikocheka mpaka mbavu zikaniuma. Tulikaa na mzee mmoja aliyekuwa na soseji ndefu, akakata kipande akanipa. Hana Kiingereza, mimi sina Kirumania. Ilinibidi nijue kama ni nguruwe, na sikuwa na njia nyingine, nikakoroma kama nguruwe na kuonyesha soseji. Mzee akashtuka, akatikisa kichwa, akalia kama ng'ombe. Mke wake, aliyekaa kando yake, akamkatiza akakoroma. Wakaanza kubishana wao kwa wao kwa sauti za wanyama, behewa zima likiangalia, na Bi Nuha, asiyeona, akinivuta mkono aelezwe kuna nini. Mwishowe nilikula mkate na pilipili za siki. Mpaka leo sijui ukweli wa ile soseji.

Istanbul hadi Tripoli

Istanbul miguu ya Bi Nuha ilivimba, tukakaa siku mbili ameiweka juu ya mito. Hapo nilimwona akiogopa kwa mara ya kwanza. Aliniuliza, kama Adla hatafungua mlango, ni muda gani unastahili kusimama nje kabla ya kuondoka. Nikamwambia tutasimama mpaka miguu ichoke, na miguu yenyewe ndiyo hiyo imeshachoka, kwa hiyo haitakuwa muda mrefu. Akacheka kidogo.

Kutoka huko tulipanda basi hadi Antakya, siku nzima na zaidi, dereva akitugawia vitambaa vyenye manukato ya ndimu kila baada ya kituo. Mpakani mwa Syria ofisa kijana alijaza fomu zetu. Aliniuliza kazi yangu. Neno la mhudumu wa wazee kwa Kiarabu cha huko silijui, nikasema mimi ni khadima, kwa maana kwetu Maskati lingeeleweka. Akaandika. Bi Nuha alisikia kalamu, akauliza ameandika nini. Alipoambiwa, alikataa kuondoka.

"Futa," alimwambia. "Huyu si mtumishi wangu. Andika rafiki."

Ofisa akaeleza kwa adabu kwamba rafiki si kazi. Bi Nuha akasema basi aandike muuguzi, au mwalimu, au asiandike kitu, lakini neno lile halitavuka mpaka na sisi. Fomu ikawa imeharibika kwa kufutwa, ikabidi nyingine itafutwe kwa mkubwa wake, na mkubwa wake alikuwa amekwenda kula. Basi likatuacha. Tulikaa kwenye benchi saa tatu. Nilikuwa na hasira naye, nikamwambia mimi jina hilo halikuniumiza, ni neno tu. Ofisa alirudi na fomu mpya, na mbele ya kazi ameandika *msafiri pamoja naye*. Bi Nuha aliridhika. Tukapanda teksi ya watu watano iliyokuwa na watu saba.

Halab, mji ambao ramani zetu huuita Aleppo, nilikuwa na hamu ya wali kuliko kitu chochote duniani. Mkahawani nikamwomba mhudumu sahani ya *eish*, kama tunavyoita wali Ghuba. Akaniletea mkate. Nikamwambia si huu, nataka *eish*. Akaleta mkate wa namna nyingine, mkubwa zaidi. Wa tatu ulipofika Bi Nuha alikuwa anafuta machozi ya kicheko kwa leso. Alimwambia mhudumu kwa Kiarabu chake kwamba mgeni anataka wali, na yule kijana, kwa aibu, akaniletea sinia la watu wanne.

Tripoli ya Lebanoni tulipokelewa na Bwana Farid, mkuu wa ile maktaba iliyomwalika, mtu mwembamba mwenye tai, aliyekuwa akitusubiri tangu siku iliyotangulia. Kusoma mashairi kulikuwa kesho yake alasiri. Alitaka kumpeleka mgeni wake hotelini akapumzike. Bi Nuha akasema atapumzika baadaye, ampeleke kwanza kwa mdogo wake.

Nyumba ya Adla

Kijiji kimepanda mlima katikati ya mizeituni. Bwana Farid alituacha kwenye kibaraza, akashuka kusubiri garini. Nilibisha. Mlango ulifunguliwa na mwanamke mfupi mwenye nywele nyeupe zilizofungwa nyuma, aproni ina unga. Alimwangalia dada yake tangu juu hadi chini.

"Umezeeka," akasema. Kisha: "Ingieni, kuna upepo."

Hakumkumbatia. Aliniuliza jina langu na natoka wapi, akatukaribisha mezani kana kwamba tulikuwa tunatarajiwa. Kulikuwa na dengu zilizopikwa na mchele, kitunguu kilichokaangwa mpaka kikawa cheusi, mtindi na zeituni. Bi Nuha alinyoosha mkono akapapasa meza polepole, sahani moja, ya pili, ya tatu. Mkono ukaenda mpaka ukingoni na kurudi.

"Humwekei tena sahani yake?" akauliza.

"Niliacha mwaka wa pili," Adla akasema. "Kula, isipoe."

Bi Nuha hakula. Alikuwa ameyapanga maneno yake tangu Shard End, nilimsikia akiyarudia kwenye treni. Alimwomba mdogo wake radhi kwa kumwita mumewe maiti mbele ya watu, kabla mwenyewe mjane hajakubali kuwa mjane.

Adla aliweka kijiko chini. "Kwamba amekufa nilijua jioni ile ile, gari liliporudi bila yeye. Hilo sikukukasirikia hata siku moja."

"Basi ni nini?"

"Ulimvua jina."

Nikaacha kutafuna. Adla aliongea taratibu, bila kupandisha sauti. Alisema kila mwanamke wa nchi ile alimchukua yule mtu wa kwenye shairi akamfanya wake, na yeye hawalaumu, kila mmoja alikuwa na wake. Lakini wa kwake hakuna aliyemlilia. Skuli ya mjini watoto wanalighani kila mwaka. Aliwahi kushuka kumwona mwalimu wao, akamwambia yule alikuwa mume wangu, alikuwa fundi bomba, jina lake Jirjis. Mwalimu akamjibu kwa upole mwingi kwamba mtu wa kwenye shairi ni kila mtu.

"Nilikuwa nakulinda," Bi Nuha akasema. "Siku zile, jina gazetini..."

"Nuha," Adla akamkatiza. "Mimi ndiye niliyenakili mashairi yako. Najua unavyofanya kazi."

Nilitamani kutoka nje, lakini kiti changu kilikuwa ukutani na meza mbele yangu. Nilimtazama Bi Nuha. Uso wake, ambao nimeuosha na kuukausha miaka minne, sikupata kuuona vile.

"Halikuingia kwenye mizani," akasema mwisho.

Alilisema neno lile lile tunalosema sisi, mizani, nikalielewa mpaka ndani. Alieleza kwamba alijaribu siku tatu. Jirjis ni jina gumu, lina kokoto, kila alipoliweka mstari ulivunjika. Akaweka *mtu*, na mstari ukasimama. Alijua papo hapo kwamba ni mstari mzuri kuliko yote aliyopata kuandika. "Nikachagua mstari," akasema. "Habari ya kukulinda niliitafuta baadaye, nikairudia mpaka nikaiamini."

Adla aliinuka, akakusanya sahani, ya dada yake ikiwa bado imejaa. Hakusema amesamehe, wala hakusema hajasamehe. Tulisikia maji jikoni. Alirudi na kahawa, akamwekea Bi Nuha kikombe mkononi na kumfunga vidole ili asikimwage. Bi Nuha alimwomba aje kesho maktabani. Akasema hatakuja, ameshalisikia la kutosha lile shairi.

Maktabani

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mbele walikaa wazee wenye suti, nyuma yao wasichana wa skuli na sare zao, halafu watu wa kila namna. Bi Nuha alisimama mbele ya kipaza sauti na koti lake la kijani, bila karatasi, maana karatasi haimsaidii. Alisoma mashairi ya Shard End: la jirani na tuzo, la mvua, la mumewe akirudi kutoka zamu na mikono inanuka grisi. Walipiga makofi ya heshima. Lakini niliona wanasubiri, na mwishowe mzee mmoja wa mbele akaliomba lile.

Bi Nuha akavuta pumzi. *"Alishuka Jirjis mwana wa Mikhail garini..."*

Kisha sauti kadhaa, kwa huruma, zikamkumbusha: *Alishuka mtu.* Walidhani amesahau. Mzee wa watu, macho hayaoni, safari ndefu. Akaanza tena, *alishuka Jirjis*, na safari hii nusu ya ukumbi ikamsaidia kwa pamoja, kama darasani, ikauimba mstari mzima vizuri kama ulivyo siku zote, sauti yake ikazama ndani yao. Bwana Farid alimkimbilia na glasi ya maji, akamnong'oneza. Nikainuka nikamtoe.

Akaisukuma glasi. "Sijasahau," akasema kwenye kipaza sauti. "Niliwapa shairi na kosa ndani yake, na nyinyi mmelitunza vizuri mno. Mtu huyu alikuwa na jina. Nililitoa kwa sababu liliharibu mstari. Leo mstari utaharibika."

Kisha kutoka nyuma kabisa, karibu na mlango, sauti ya mwanamke ikasema: "Jirjis. Fundi bomba."

Niligeuka. Adla alikuwa amesimama na mkoba kifuani, amevaa viatu vya kutokea. Sijui alishuka na gari la nani.

Bi Nuha aliielekea ile sauti. Akaanza mara ya tatu: Jirjis mwana wa Mikhail, fundi bomba, na mkate wake. Mstari ulichechemea, kila mwenye sikio aliusikia ukichechemea. Bwana mmoja wa safu ya pili alichukua kofia yake akatoka, akinung'unika kwamba shairi hilo si mali yake tena yule bibi, ni la nchi. Wengine walibaki wamefumba midomo mpaka mwisho. Lakini wale wasichana wa sare waliufuata, wakijikwaa naye kwenye jina, na walipofika ubeti wa mwisho, ambao nao alikuwa ameuvunja ili jina lipate nafasi, walilitamka kwa nguvu kuliko maneno mengine yote.

Adla hakupita mbele. Alisubiri mlangoni watu wapungue, kisha akaja akamshika dada yake mkono, akaniambia mimi, si yeye: "Analala kwangu."

Kurudi

Nililala nao siku tatu. Ya tatu Bi Nuha aliniambia hatarudi Birmingham. Aliniomba nimpelekee vitabu kwa meli, koti lake jingine nimpe nitakayeona linamfaa, na nimsalimie yule mama wa sombe. Nililia, na yeye akaniacha nilie, hakunibembeleza. Alisema maneno mawili matatu ambayo nitabaki nayo mwenyewe.

Mimi nilipanda ndege. Njia iliyotuchukua siku kumi niliirudi kwa mchana mmoja.

Asubuhi ya kuondoka walikuwa wote jikoni. Nilimbusu Adla, akanipa mtungi wa zeituni. Nikambusu Bi Nuha mikono na uso. Teksi ikapiga honi nje. Nilipofika mlangoni niligeuka niwaage tena, lakini walikuwa wamesharudi kwenye sufuria. Adla anasema chumvi imezidi. Bi Nuha anasema Adla hakupata kuwa na ulimi wa kuonja tangu utotoni. Na Adla anamjibu kwamba amepika jikoni humu miaka thelathini na miwili peke yake na hakuna hata mmoja aliyelalamika. Nikaufunga mlango taratibu nisiwakatize.